Ngoma Chumbani kwa Mbaluka

Kijiko kilianguka sakafuni, na Mbaluka akaruka kitandani kama aliyeshikwa na stima. Kijiko tu! Mkewe, Kavinya, alikiokota akamtazama. Mume alikuwa ameuma meno, shingo imepinda nyuma. Chai ilikuwa imemwagikia kidevuni, maana taya halikufunguka tangu asubuhi.

Katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, mwaka huo wa tisini na tatu, kila mtu alikuwa daktari. Wiki moja nyuma, tezo ilipomkata kidole cha mguu akichonga twiga, Mbaluka aliziba damu kwa vumbi la mbao, kama wachongaji wote. Sasa majirani wakasema ni jini. Nesi Lydiah, wa ploti ya pili, alinong'ona mlangoni: "Hii ni pepopunda, imeingilia kidondani. Usikubali kelele, mama. Hata mlango usibamizwe. Pikapu inakuja saa tisa, tumpeleke hospitali."

Kavinya akaziba dirisha kwa blanketi. Kilichokuwa ndani ya mumewe kilikuwa na masikio. Mtoto akikohoa kwa jirani, kinasikia. Maji yakidondoka kwenye karai, kinasikia. Na kikisikia kinamkunja mgongo mpaka anabaki juu ya kisogo na visigino, harufu ya jasho na ya kidole kinachooza ikijaa chumba, huku akili yake iko timamu, anajua kila kitu, na hawezi hata kupiga ukemi.

Saa nane mama mkwe, Mukai, akafika na Mchungaji Masinde na waumini sita. Na ngoma.

"Mama, tafadhali," Kavinya alinong'ona. "Hiyo ngoma itamuua."

"Wewe ndiye unayelificha hilo jini!" Mukai akamsukuma. "Huyu ni mwanangu!"

"Toka kwa jina la Yesu!" Masinde akanguruma, na ngoma ikalia.

Kila pigo, mgongo uliinuka. Kavinya alimrukia mpigaji, wakamshika; akauma mkono wa mtu, akawatukana wote bila haya, lakini ngoma ikazidi, na mgongo ukazidi, mpaka katikati ya kelele zile kitu kikalia ka! kama ukuni unaovunjwa.

Mbaluka akalala chali, amelegea.

"Limetoka!" Masinde akapiga makofi. Haleluya ikatikisa mabati. Mbaluka hakushtuka.

Kavinya akaipokonya ngoma, akaipiga sikioni mwa mumewe kwa nguvu zote. "Si mmemponya? Mbona haruki? Wauaji nyinyi!"

Aliyeruka ni Masinde. Meno yake yaligongana, na shingo ikaanza kupinda nyuma, polepole.

Kavinya aliona. Akapiga tena.