Sinema Aliyonichagulia Walter

Midomo yao ilikuwa inakaribiana…

Na mzee ninayetaka anioze binti yake alikuwa ameketi benchi la mbele!

Nilikuwa nimesimama kando ya kitambaa cheupe, fimbo ya kuonyeshea picha mkononi. Hii haikuwa sinema ya vita. Hii ilikuwa ya mapenzi!

Nikatazama nyuma, kwenye tundu la mashine. Walter, mwendesha mashine na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa ananiangalia.

Anatabasamu.

Msomaji, ngoja nikwambie nilivyofika hapo.

Mimi ni Momanyi wa Marani. Mwaka huu wa 1974 hakuna kijana mjini Kisii anayeijua sinema kunishinda. Mashairi nimejifundisha mwenyewe, na kila Jumapili alasiri nasimama ukumbini nikieleza sinema kwa Kiswahili chenye vina. Watu huja kunisikia mimi. Picha ni nyongeza!

Ukitaka maoni yangu, chukua. Kauboi nawapenda, ila bunduki zao haziishiwi risasi. Za Kihindi… mtu kauawa babake, badala ya kulia anaimba! Karate ni moto, lakini maadui husubiri zamu ya kupigwa kama wagonjwa zahanati. Za wafu kutoka makaburini siziwezi. Nikizitazama, shingo inakuwa baridi mpaka asubuhi.

Na za mapenzi? Hizo naziona nikiwa na vijana wenzangu tu.

Maana kwetu Gusii kuna chinsoni. Ni ile haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto, kati ya mtu na wakwe zake. Mambo ya chumbani hamyataji mkiwa pamoja. Ukiivunja, undugu umechafuka. Uchumba unaweza kufa papo hapo.

Na mimi nilimtaka Kemuma, binti wa Mzee Onyancha wa Nyamira.

Mzee alipigana Burma. Macho yake yameingia ukungu, lakini ulimi wake bado ni panga.

"Mtu wa sinema atamlisha nini binti yangu?" aliniuliza. "Picha?"

"Tata," nikamwita, yaani baba kwa Kigusii, "njoo unisikie Jumapili. Kuna sinema ya vita."

"Nitakuja. Nikikuta ni upuuzi, usikanyage tena kwangu."

Nikamkimbilia Walter.

"Jumapili weka ile ya vita. Maisha yangu yako mikononi mwako!"

"Kaka, lala usingizi."

Sikujua kwamba Walter naye alikuwa amepeleka posa kwa mzee huyo huyo!

Basi rudi nami ukumbini.

Mlango umefungwa. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kemuma ameketi karibu na babake, kwa sababu ndiye aliyemshika mkono kumleta. Anapoona lile busu, anafunika uso kwa leso.

Ukumbi wote kimya. Mashine tu… tik, tik, tik.

"Momanyi," mzee akaita. "Mbona watu wamenyamaza?"

Nikajifanya narekebisha kitambaa.

"Nimekuuliza. Kuna nini hapo?"

Kutoka kwenye tundu ikaja sauti ya Walter, tamu kama asali.

"Endelea, mshairi! Mweleze mzee!"

Wasomaji wangu, nilimwona Kemuma akiondoka maishani mwangu. Nilimwona kwenye mlango wa Walter, na mtungi kichwani. Nikafumba macho, nikafungua kinywa…

"Nyoka kamwuma mdomo, sumu yashuka moyoni!
Daktari wa makamo, anyonya sumu kinywani!"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyethubutu!

"Aa," mzee akasema. "Na atapona?"

"Tata… sumu ni nyingi."

Na kweli ilikuwa nyingi! Yule bwana alinyonya, akapumzika, akanyonya tena. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Kila busu nikamleta nyoka mwingine, hadi taa zikawashwa.

Tulipotoka nje, manyunyu yalikuwa yameanza. Nikadhani nimeokoka.

Hapo Walter akatuzuia mlangoni, macho mekundu.

"Mzee Onyancha! Huyu amekudanganya! Hakukuwa na nyoka wala daktari. Walikuwa wanabusiana! Wewe umekaa hapo na binti yako, mnatazama watu wakibusiana!"

Wanawake wakageuza nyuso. Mzee mmoja akavua kofia, akatazama chini.

Mzee Onyancha akasimama bila kutikisika. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini sana… nikaogopa kuliko ninavyoogopa sinema za wafu.

"Kijana, unaona nani amesimama hapa kando yangu?"

"Kemuma, mzee."

"Na maneno hayo umeyatamka mbele yake. Mbele yangu."

"Lakini mimi nasema ukweli!"

"Mle ndani mimi sikuona kitu, na mtoto wangu hakuona kitu. Aliyeleta uchafu huu kati yetu ni mdomo wako. Utaleta mbuzi wa kuuondoa. Na ile posa yako, mwambie babako asiitaje tena."

Walter akarudi ndani kwenye mashine yake.

Tukashuka barabara, mimi nyuma yao. Karibu na soko mzee akasimama. Akamwacha Kemuma atangulie. Akanisubiri.

"Momanyi."

"Tata."

"Leta ng'ombe."

Nilitaka kuruka! Lakini hakuwa amemaliza. Alinisogelea, yale macho ya ukungu yakatulia usoni mwangu.

"Yule daktari wako wa makamo… mbona hakuwa na mvi hata moja?"

Alikuwa ameona! Tangu mwanzo, kila kitu!

"Tata, mimi…"

"Nyamaza. Ulianza vizuri, usiharibu."

Akaenda zake.

Basi ndugu zangu, mnaopenda kusema ukweli ili mumwangushe mtu, mtazameni Walter akikokota mbuzi kupanda Nyamira. Na wewe unayejivunia ulimi kama mimi, jua siku nyingine unaokolewa na mtu aliyeamua kunyamaza.

Na sinema yenyewe? Nzuri sana. Ila nyoka walizidi.