Bei Aliyoisoma Redio

Kila Ijumaa, masomo yakiisha, binti wa msusi hakupitia nyumbani. Alinunua gazeti kwenye kibanda cha kona, akalibana kwapani na kwenda moja kwa moja saluni kwa mama yake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na draya ya kofia ya kukaushia nywele, iliyonguruma kama lori linalopanda mlima. Binti aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua ukurasa wa biashara, na kusoma kwa sauti ya kushindana na draya.

Kwa sababu hiyo wateja walimpa jina la Redio, na mama yake wakamwita Mama Redio.

"Redio nzuri," mama alizoea kusema, vidole vikiendelea kusuka. "Ila hii yangu inakula mara tatu kwa siku."

Mama alihitaji kusomewa kwa sababu tangu asubuhi hadi jioni mikono yake ilikuwa mali ya vichwa vya watu. Alichotaka kusikia ni kitu kimoja tu: bei ya hisa za kampuni ya saruji. Kwa miaka miwili na nusu, kila mwanzo wa mwezi, alikuwa akipeleka shilingi elfu mbili na mia nne kwa wakala wa hisa na kununua kijisehemu cha kampuni ile. Mwezi mzuri alipeleka hizo hizo, mwezi mbaya alipeleka hizo hizo. Sasa hisa zilifika elfu moja na mia mbili. Katika daftari lake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Elfu moja ni ada ya sekondari ya mtoto. Hazigusiki. Zinazozidi ni za saluni."

Bei aliitazama mara moja kwa wiki, basi. "Ukifunua sufuria kila dakika," alisema, "unapoteza mvuke na chakula hakiivi."

Ijumaa moja Redio alisoma, "Saruji, hamsini na saba. Wiki iliyopita ilikuwa sitini."

Aliyekuwa kitini siku hiyo ni Mama Sabuni, muuza sabuni wa sokoni, mwenye ulimi usiojua likizo. Alicheka mpaka kitana kikaanguka. "Mama Redio, mwenzangu, fedha zako zinayeyuka kuliko bidhaa yangu. Na yangu ikiyeyuka, angalau nguo zinatakata."

Wateja wengine wakacheka pia. Mama akasema tu, "Tulia, usije ukatoka hapa na mistari ya kwenda kombo."

Jioni ile Redio alimkuta mama yake ameshika daftari, kalamu mdomoni. Redio hakumuuliza anafikiria nini. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, na kosa lote lilianzia hapo. Alimkumbuka fundi saa wa mtaa wao. Yeye aliposikia bei zimeshuka aliuza hisa zake zote siku hiyo hiyo, na hadi leo alikuwa akimsimulia hasara yake kila aliyemletea saa. Redio aliamini kwamba mama yake naye angeuza, na sekondari ingeishia kuonwa kwa mbali, kupitia uzio.

Ijumaa iliyofuata gazeti lilisema hamsini na mbili. Redio alimtazama mama yake, akamtazama Mama Sabuni aliyekwisha kutega sikio.

"Hamsini na nane," alisoma.

Uongo ulitoka laini kama mafuta ya nywele. Wiki ya pili gazeti lilisema arobaini na sita, yeye akasoma sitini. Wiki ya tatu lilisema arobaini kamili.

"Sitini," alisoma tena.

Mama Sabuni aligeuka kitini. "Mbona mume wangu anasema soko zima la hisa limelala chali?"

"Redio," mama alisema, "soma tena, taratibu."

Kidole cha Redio kilikuwa juu ya nne na sifuri. "Sitini, mama," alisema, kwa sauti ambayo hata draya ingeweza kuimeza.

"Umesikia?" Mama akamgeuza Mama Sabuni kichwa. "Mume wako namheshimu, lakini gazeti halina sababu ya kunidanganya."

Kesho yake asubuhi draya ilitoa harufu ya waya ulioungua, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kufikia saa sita wateja wawili walikuwa wamehamia saluni ya ng'ambo ya barabara, kwa kuwa hakuna mtu anayependa kutembea sokoni kichwa kikimchuruzika maji. Mama alichukua kalamu. Hisa mia mbili za saluni, mara sitini, ni elfu kumi na mbili. Draya mpya ilikuwa elfu kumi na tano. Basi alichukua shilingi elfu tatu kutoka kwenye mapato ya wiki, akaenda na Redio dukani, akazitoa kama kianzio na kuahidi kumalizia Jumatatu.

Redio alisimama pembeni. Mwenye duka aliandika risiti polepole, na nafasi ya kusema ukweli ilikuwapo tele. Aliona maneno mawili yamepigwa muhuri chini ya risiti: kianzio hakirudishwi. Akaona amekwisha kuchelewa.

Jumatatu, tarehe mosi, walipanda ngazi kwenda ofisi ya wakala wa hisa. Mama alikuwa na furaha, akihesabu kwa sauti vichwa atakavyokausha kwa siku. Walipofika ngazi ya mwisho kabla ya mlango, Redio alimvuta mama mkono.

"Mama, si sitini."

"Nini si sitini?"

"Bei ya saruji. Ni arobaini. Nilikudanganya mara tatu."

Mama aliketi pale pale kwenye ngazi, mkoba magotini. Mtu mmoja akawapita akishuka, na mwingine akipanda.

"Kwa nini?"

"Niliogopa utauza zote kama fundi saa, nisiende sekondari. Halafu Mama Sabuni alikuwa anakucheka."

"Mama Sabuni hucheka hata msibani. Ile jioni uliyoniona na daftari, ulifikiri nafanya nini?"

"Unapanga kuuza."

"Nilikuwa natafuta pa kubana ili niongeze. Bei ikishuka, fedha zile zile zinapata hisa nyingi zaidi. Ungeniuliza ningekuonyesha hesabu." Akavuta pumzi. "Badala yake nimetoa kianzio kwa bei iliyotungwa na kichwa chako."

Redio alianza kulia. Mama hakumpiga wala hakumbembeleza. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi. "Futa uso. Maji tumeshayavulia nguo, twende tukayaoge."

Ndani kulikuwa na foleni ya watu wanaouza. Mmoja alikuwa akijifuta jasho, mwingine akimgombeza mwenzake kwa simu. Wakala alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Nyuma yake bei zilikuwa zimeandikwa ubaoni, na ile arobaini ilionekana hata kutoka mlangoni.

Zamu yao ilipofika, mama alieleza shida yake bila kuzunguka. Wakala akapiga hesabu. "Mia mbili kwa arobaini ni elfu nane. Unapungukiwa elfu nne. Uza mia tatu, umalize deni lako, uende zako. Kila mtu anauza leo."

Akasukuma fomu. Mama aliichukua. Redio, aliyesimama ubavuni pake, aliona kalamu ikiandika tatu, kisha ikasimama. Hisa mia tatu zilikuwa na maana ya kuchukua mia moja kutoka kwenye zile za ada. Ingekuwa rahisi. Draya ingekuwa saluni kabla ya jioni, na wateja wangerudi. Redio alitamani mama aandike haraka ili aibu yake iishe. Wakati huo huo alitamani asiandike kabisa.

"Kiwanda cha saruji kimefungwa?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana, kinafanya kazi. Mafuta yamepanda bei, watu wakaogopa faida itapungua."

"Na kampuni ina madeni iliyoshindwa kuyalipa?"

"Sijasikia hivyo. Taarifa yao ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri. Ila siwezi kukuahidi bei itapanda lini, wala kama itapanda."

"Sikukuuliza hilo. Hata wewe hulijui." Mama aliichana fomu katikati, kisha tena katikati. "Siuzi hata moja. Hata hizo za saluni zitasubiri, sina haja ya kuzitupa kwa arobaini. Nipe fomu ya kununua. Leo ni tarehe mosi."

Wakala alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. Mama alitoa elfu mbili na mia nne, zile zile za kila mwezi, akamwambia binti yake apige hesabu.

"Kwa sitini tungepata arobaini," Redio alisema, pua bado imeziba. "Kwa arobaini tunapata sitini."

"Umeona. Sasa twende dukani. Huko utasema wewe."

Dukani Redio alisema mwenyewe: kwamba alisoma bei ya uongo, kwamba mama yake aliahidi kwa kumwamini yeye, na kwamba elfu kumi na mbili hazipo. Mwenye duka, mzee mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akagonga muhuri wa risiti kwa kidole.

"Mwanangu, pole. Lakini imeandikwa hapa. Kianzio hakirudishwi."

"Sijaja kudai nirudishiwe," mama alisema. "Nimekuja kununua kwa uwezo wangu. Ile ya kule nyuma, iliyokwaruzwa, ni ya nani?"

Ilikuwa draya iliyotumika, kofia yake imekwaruzwa upande mzima kana kwamba imepigana na paka. Fundi wa duka alikuwa ameibadilishia mota. Mzee alitaka elfu saba. Mama akasema elfu nne, akaeleza kasoro moja baada ya nyingine mpaka mzee mwenyewe akaanza kuionea draya yake huruma. Wakaafikiana elfu tano: tatu zilikuwa zimekwisha kulipwa, na mbili zingeletwa Jumamosi.

"Huyu mama angekuwa hakimu," mzee alimwambia Redio, "mimi ningefungwa leo."

Waliibeba pamoja, kila mmoja akishika upande wake, na wakapumzika mara nne njiani. Katika pumziko la tatu mama alizungumza.

"Mimi pia naogopa bei ikishuka. Usidhani nina moyo wa chuma. Ile tatu uliniona nikiiandika. Ndiyo maana mpango niliuandika siku nilipokuwa nimetulia, ili siku ya hofu nisiamue kwa hofu. Lakini mpango unataka habari za kweli. Ukinificha mbaya, hujanilinda, umenifunga macho na kuniambia nivuke barabara."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila waliosikia uongo wako ni wengi, na mimi siwezi kuwaomba radhi kwa niaba yako. Shika upande wako, tuondoke."

Ijumaa ilipofika Redio hakuketi kwenye ndoo. Alisimama mbele ya kioo, wateja wanne wakimtazama, akawaambia kwamba kwa wiki tatu mfululizo aliwasomea bei za uongo, na kwamba anaomba radhi. Kisha akafungua gazeti. Bei haikuwa imepanda.

"Saruji," alisoma, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Thelathini na nane."

Vidole vya mama havikusimama hata kidogo. "Thelathini na nane," alirudia. "Asante. Sasa kila mtu asikie, na wewe Redio usikie zaidi. Bei haiko mikononi mwangu, na ukiipaka rangi haibadiliki. Iliyo mikononi mwangu ni kazi yangu, kile ninachoweka kila mwezi, na kutogusa fedha niliyosema siigusi. Hiyo ndiyo nidhamu. Asiyeweza kuambiwa ukweli hawezi kuwa na nidhamu, atakuwa na bahati tu, na bahati haina mkataba na mtu."

Draya iliyokwaruzwa iliendelea kuunguruma, na kwa kweli ilipuliza vizuri kuliko ile ya zamani. Mama Sabuni, aliyekuwa chini ya kofia yake, aliinua ukingo kidogo.

"Thelathini na nane," alisema. "Ni rahisi, ee? Hizo hisa zinauzwa wapi, Mama Redio?"

"Kwanza niambie fedha utakayoweka ni ya nini, na unaweza kukaa bila kuigusa kwa miaka mingapi, hata mimi nikikucheka kila Ijumaa."

Mama Sabuni alihesabu kwa vidole, akaanza upya. "Hilo," alisema mwishowe, "inabidi nikalifikirie nyumbani."

"Basi umeanza vizuri," mama alisema, akamrudisha chini ya kofia.