Mama Aliyebaki Nariokotome

Kila asubuhi Nyagoa alimkandia unga jirani yake Jeanine, Mkongo aliyeuza maandazi kambini Kakuma. Nyagoa alitoka Sudan Kusini, lakini Kiswahili alikijua. Alikuwa mpishi katika hoteli ya Mkenya kule Juba kabla ya kukimbia vita.

"Leo unakanda kama unapiga mtu," Jeanine alisema. "Nani amekukosea?"

Nyagoa akaeleza. Yeye na mama yake walipitia Ethiopia, wakaingia Kenya kwa mtumbwi, kwenye Ziwa Turkana. Waliposhuka Nariokotome, mama akateleza, akavunjika mguu. Akiru, mke wa mvuvi, akamhifadhi. Nyagoa akatangulia Kakuma kujiandikisha. Sasa wiki mbili zilikuwa zimepita.

"Si umwambie afisa wa wakimbizi mama yako yuko wapi?"

"Kesho ndiyo mahojiano. Lakini binamu yangu Tut ameniambia niseme tuliingia kwa gari, mpakani Nadapal. Anasema waliokuja kwa maji hurudishwa kwa maji."

"Tut alisomea sheria wapi? Kwa kinyozi?" Jeanine alipangusa mikono. "Sikia, dada. Miye nimetafsiri Kifaransa pale ofisini miaka minne. Kenya haikukatai kwa sababu ulipanda mtumbwi. Inataka ujitokeze mapema, ndani ya siku thelathini, useme unakimbia nini."

"Na wakinifunga? Sikupita kwenye kituo cha mpakani."

"Anayekimbia hatari na kujitokeza haadhibiwi kwa hilo. Kitakachokuponza ni uongo. Ukisema Nadapal, mama wa Nariokotome alitoka wapi? Alidondoka mbinguni? Maneno yenu yakigongana, nani atawaamini?"

Nyagoa aliendelea kukanda, polepole.

Kesho yake, afisa aitwaye Nekesa aliuliza, "Uliingilia wapi?"

Neno Nadapal lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nyagoa akamwona mama akilini, amelala kwenye mkeka wa watu.

"Ziwani," alisema. "Mama yangu amebaki Nariokotome. Amevunjika mguu."

Nekesa hakushtuka. Aliuliza jina la mama, jina la Akiru, na siku waliyoshuka. Alimpa Nyagoa karatasi ya mwombaji hifadhi, kisha akaandika barua mama aletwe.

Siku ya ishirini na sita tangu washuke, gari lilimleta mama kupitia Lodwar, na magongo yake. Mkalimani alimwuliza alivyoingia nchini. Mama akamtazama Nyagoa kwanza. Nyagoa akaitikia kwa kichwa.

"Kwa mtumbwi," mama alisema. "Andikeni pia kwamba ulikuwa unavuja."

Nekesa akaandika.