Kori Nne na Uji wa Bibi Raheli

Ndugu zangu wa Mvumi, nanyi mnaosoma haya mkiwa mbali nasi, nawaomba mnisikilize. Jambo hili lilitokea nyumba ya pili kutoka kwangu. Silisimulii ili kumsengenya mtu. Mwenyewe, Mwalimu Optatus, ameniruhusu, tena akanisihi nisipunguze kitu. Nami nimo humohumo, kama mtakavyoona.

Optatus anafundisha historia. Mimi, Bartolomayo, nafundisha hesabu katika shule hiyohiyo. Mkewe, Evarista, ni fundi cherehani, na binti yao Anitha anasoma shule ya bweni. Wanaishi na mama yake Optatus, Bibi Raheli, ambaye ana kisukari cha miaka mingi na hudungwa sindano ya kushusha sukari kila asubuhi. Jioni ungewakuta wote watatu uani. Evarista anachambua mlenda, bibi anapepeta uwele, na Optatus anasahihisha madaftari huku akiwasomea majibu ya wanafunzi. Mmoja aliwahi kuandika kwamba Wajerumani walijenga reli ya kati ili wafike Dodoma kula zabibu. Bibi Raheli alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Nasema ilikuwa, kwa sababu kuna miezi amani hiyo iliondoka.

Mwaka ule shule ilitutaka walimu tuchape mitihani wenyewe. Optatus na mkewe wakakubaliana kuuza ndama dume. Fedha itakayopatikana inunue laptopu, na itakayobaki inunue kipimo cha sukari cha nyumbani, ili waache kukisia hali ya mama kwa kumtazama usoni. Kwa kuwa mimi ninajua kidogo mambo ya kompyuta, Optatus aliniomba nimsindikize mjini Dodoma.

Dukani tulipokewa na dada mmoja mchangamfu, Shakila.

"Karibuni, walimu. Mnataka kompyuta ya kazi gani?"

"Kuchapa mitihani na kujaza alama," Optatus alijibu.

Shakila aliweka mbili mezani. "Hii prosesa yake ina kori mbili. Hii ina kori nne. Prosesa ndiyo jiko la kompyuta, na kori ni wapishi waliomo. Kwa mitihani na alama, wapishi wawili wanakutosha kabisa. Wanne utawahitaji ukiwa na karamu, kama kuhariri video au kucheza magemu makubwa."

Optatus aliigusa ile ya kori nne kama mtu anayegusa ng'ombe wa jirani. "Gemu la mpira, kwa mfano?"

"Kwenye kori mbili la zamani litakwenda. Haya mapya yatakwamakwama, mchezaji anapiga shuti leo, mpira unaingia kesho. Tena kori peke yake hazitoshi, lazima kuwe na kadi nzuri ya picha. Hii ya kori nne inayo. Lakini mwalimu, si umesema ni ya mitihani?"

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimnong'oneza, "Chukua ya kori nne. Yangu iko hivyohivyo. Tutakuwa tunachuana kila mtu akiwa nyumbani kwake."

Akaichukua, ikamaliza fedha yote, na kipimo cha sukari tukakiacha duka la dawa. Njiani Optatus akaniambia, "Nitamwambia Evarista kwamba za kori mbili zilikuwa zimekwisha. Kipimo tutakinunua tukivuna." Nilitazama nje dirishani, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Mwanzoni tulicheza Jumamosi tu. Kisha ikawa kila tukitoka shuleni. Optatus alikuwa mwepesi kuliko mimi, na kushinda kuna utamu wake. Madaftari yakaanza kurudi kwa wanafunzi bila alama. Uani akawa haonekani. Bibi Raheli alipomwita, jibu lilikuwa moja: "Nakuja, mama." Evarista alisema kwa upole, akasema kwa ukali, mwisho akaacha kusema. Msomaji wangu, mke akiacha kusema usidhani ameridhika.

Ikafika Jumamosi moja asubuhi. Evarista alikuwa anakwenda mjini kununua vitambaa vya sare. Kabla ya kutoka alimdunga mama sindano yake, akamwekea mumewe uji kwenye chupa ya chai.

"Baba Anitha," alisema, "mama ameshadungwa. Baada ya nusu saa mpe uji. Usisahau, sindano bila chakula ni hatari."

"Nitampa. Nenda salama."

Mpinzani wake siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kwangu, yeye kwake, kila mmoja na hedifoni masikioni, tunaongea huku tunacheza. Mechi ya kwanza alinifunga. Ya pili nikasawazisha. Tulipokuwa katika ya tatu nikasikia, kupitia hedifoni, sauti nyembamba ya mama: "Opta, mwanangu, mbona natetemeka?"

"Mama anakuita," nikamwambia.

"Anataka uji tu. Cheza."

Nami nikacheza. Nimekwisha kuungama kanisani, lakini naona niungame na hapa. Nilimsikia mama wa watu akiita, nikacheza.

Aliyemwokoa ni Yahaya. Yahaya ni Msandawe wa Chemba, amepanga chumba jirani nao, na huuza asali itokayo kwenye mizinga ya kwao. Asubuhi hiyo alipita kurudisha ndoo. Akamkuta Bibi Raheli ameegemea ukuta wa baraza, nguo imelowa jasho, macho yanaelea, maneno hayashikani. Baba yake Yahaya alikuwa na ugonjwa uleule. Alijua mara moja kwamba sukari imeshuka.

Hakupoteza muda kuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Alimwangalia bibi kama bado anaweza kumeza, akafungua dumu la asali alilokuwa nalo, akachovya kidole na kumpaka ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku akimsemesha. "Meza, bibi. Usilale. Meza tena." Kisha ndipo akapaza sauti.

Mimi niliisikia sauti hiyo nikiwa kwangu: "Mwalimu! Mama yako anakufa!" Nikasikia kiti kikianguka. Nilitupa hedifoni nikakimbia.

Nilipofika, Optatus alikuwa amepiga magoti barazani, ameshika kikombe cha uji. Tulipata bajaji, Yahaya akampakata bibi mpaka hospitali. Daktari alipompima alisema, "Aliyempa asali amempa na maisha. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Evarista alifika mchana akiwa bado na mfuko wa vitambaa begani. Mumewe alisimama mbele yake ukumbini, akamwambia kila kitu, uji, mechi, na mwisho lile lililokuwa limemkaa rohoni kwa miezi.

"Dukani za kori mbili zilikuwepo. Nilikudanganya. Kipimo cha mama nilikila mimi."

Evarista aliutua chini mfuko wa vitambaa. "Nenda kanawe uso," alisema. "Kisha urudi umshike mama mkono. Mengine tutaongea nyumbani."

Tulipoingia wodini, Bibi Raheli alikuwa amepata nguvu ya kukaa. Alikuwa ametusikia kutoka ukumbini, akauliza, "Hizo kori mnazozitaja ndiyo nini?"

"Ni kama vichwa, mama," Optatus alijibu huku machozi yanamtoka. "Mashine yangu ina vinne."

"Vichwa vinne," bibi alisema, "na sikio hata moja halimo?"

Tulicheka na kulia kwa pamoja. Nadhani hapo ndipo nyumba ile ilipoanza kupona.

Juma lililofuata tuliirudisha ile laptopu kwa Shakila. Aliikagua, akatupatia ya kori mbili na baki ya fedha, na siku hiyohiyo Optatus akanunua kipimo. Mambo mengine hayakutengemaa haraka hivyo. Mwezi mzima Evarista hakumwachia mumewe kazi ya uji, alimwomba mke wangu. Optatus hakulalamika. Alikaa uani, akasahihisha madaftari yaliyolimbikizana, akisoma majibu kwa sauti hata kama siku za kwanza hakuna aliyecheka.

Baadaye walifanya shukrani. Walinunua mbuzi, wakamwomba Yahaya mwenyewe achinje ili ale nasi bila wasiwasi. Bibi Raheli alisimama, ameshikwa mikono huku na mwanawe, huku na mkwewe. "Mungu hakumtuma malaika," alisema. "Alimtuma jirani kurudisha ndoo. Namshukuru Yahaya. Namshukuru mkwe wangu. Na mwanangu huyu namshukuru pia, kwa sababu siku hizi nikiita, anakuja."

FUNZO

Ndugu zangu, sikuandika haya ili mchukie kompyuta. Mashine ya kori nne haina dhambi, wala gemu si shetani. Mimi mwenyewe bado ninacheza Jumamosi jioni, kazi za nyumbani zikiwa zimekwisha. Unapokwenda kununua, taja kazi ya kweli, na ununue kinachotosha kazi hiyo. Ukijikuta unahitaji uongo ili kitu kiingie ndani, kiache dukani. Aliye na mgonjwa nyumbani amhudumie kwanza, mchezo utasubiri. Na wewe rafiki wa mtu, usiwe kama mimi niliyesukuma dukani, nikanyamaza njiani, nikacheza mama akiita. Rafiki wa kweli angezima mashine yake.

Na jirani yako mheshimu, awe wa kabila gani, wa dini gani. Siku ya shida huenda ni yeye atakayekuwa mlangoni.

Yahaya, najua umekwenda Chemba kutazama mizinga yako. Ukisomewa haya huko, Bibi Raheli anakusalimu. Leo asubuhi amekula, amepimwa, na sukari yake iko sawa.