Upepo wa Matairi ya Jovin

Ndugu zangu wa Isingiro, jambo hili mmelisimulia kombokombo vya kutosha. Leo nisikilizeni mimi, Costansia, jirani wa Jovin ukuta kwa ukuta, maana nami siko nje ya kosa.

Asubuhi ile ya Jumapili ilikuwa shwari. Deodatha alikuwa akimenya ndizi, mumewe Jovin akifuta vioo vya kigari chake cha mashindano. Mdogo wake Cassian, fundi matairi wa Nkwenda, alikuwa amemaliza kazi yake.

"Kaka, gari hili linavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo yenye kashata nzima, yale ambayo meno yake hayajalika, nimeyaweka mbele. Upepo mbele ishirini na mbili, nyuma ishirini na sita. Usiguse kitu." Akatangulia misani.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiwasha. "Jovin, jana nimemwona Cassian sokoni akitafuna kahawa na Byabato."

Byabato ndiye mpinzani mkubwa wa Jovin katika mashindano ya mchana ule. Na nyinyi mnajua wazee wetu walivyofunga undugu wa damu kwa punje ya kahawa. Sikuongopa, lakini sikusema kwamba Byabato humpa kahawa kila anayemsalimia, hata mimi.

Jovin akanuna. Akaliendesha gari mbio hadi kanisani, akashuka, akachomeka kipimo. Mbele, ishirini na saba!

"Loo! Ameniongezea upepo niteleze! Mtoto wa mama yangu!"

Akatoa upepo mpaka kikasoma ishirini na mbili. Misa nzima alikaa mlangoni akililinda gari. Wala hakukomunika.

Tulipotoka, Cassian aliyatazama matairi akashtuka. "Kaka, haya yamelala! Tairi likitoka mwendoni lina joto, kipimo hupanda. Sasa yamepoa, upepo hautoshi. Niache nijaze."

"Ili uniue? Nenda kwa ndugu yako wa kahawa!"

"Baba Mackrine, mwache apime tu," Deodatha alimsihi mumewe. Jovin akamsukuma kando.

Mashindano yakaanza. Kona ya pili tu, jamani! Tairi la mbele likachomoka kwenye rimu, gari likabiringika hadi kwenye migomba. Wengine tulipiga mayowe. Aliyeingia kumtoa ni Cassian, mikono yake ikachanwa na vioo.

Mguu wa Jovin ulikatwa chini ya goti. Alipozinduka akaomba aitiwe mdogo wake. Cassian akaja. "Shikamoo kaka." Akasikiliza msamaha ukiombwa kwa machozi, akasema, "Nimekusamehe." Akaweka uji mezani, akaondoka.

Hadi leo huleta chakula kila Jumapili. Husalimia, huweka, huondoka. Hakai.

FUNZO

Ukimshuku ndugu yako, muulize yeye mwenyewe, kisha umsikilize hadi mwisho. Na wewe mpeleka maneno, ukiona nusu ya jambo, funga kinywa. Mimi niliufungua wangu, na kila nikisikia gongo la Jovin likipita uani, najificha ndani.