Anayejibu Kitandani

Jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

"Unajisikiaje leo, ma..."

"Sijambo, daktari. Naendelea vizuri."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akahamia kitanda cha pili. Wodi ya wanawake ilikuwa imefurika, na yeye alizoea kuuliza huku mguu mmoja umeshaondoka. Lakini muuguzi aliyemfuata, ambaye wenzake walimwita Upepo kwa mwendo wake, alibaki pale pale. Alikuwa akimtazama mgonjwa usoni. Midomo ya yule mama ilikuwa imefumbwa, imekauka kama ganda la kitunguu, na haikuwa imetikisika hata kidogo.

Mgonjwa huyo alikuwa fundi cherehani, maarufu kwa jina la Mama Pindo. Aliletwa na maumivu ya tumbo, na tangu alazwe alikuwa mpole ajabu.

"Wifi yangu huyu, mpole?" alishangaa wifi yake alipokuja kumtazama. "Huyu hugombana na redio!"

Mchana Upepo alimpelekea dawa. Akainama.

"Tumbo bado linauma, mama?"

"Haliumi, mwanangu."

Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi, kama ya muuzaji anayekusukumia kitu kibovu, na ilitoka chini ya mto. Ikaja na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Mama Pindo alikuwa amemkodolea macho. Chozi likamtiririka mpaka sikioni.

Upepo alimkimbilia daktari koridoni. "Daktari, anayejibu si yeye."

"Usiku ulilala kweli wewe?"

"Nililala. Njoo umguse tumbo."

"Kila nikimuuliza anasema haliumi. Tumbo ni lake, au lako? Leo jioni anarudi nyumbani."

Upepo alipomrudia mgonjwa na kumgusa mwenyewe, tumbo lilikuwa gumu kama ubao na mwili unawaka moto. Alijua daktari hatamsikiliza tena, akamvuta pembeni yule wifi, aliyekuwa bado wodini, akamnong'oneza yote. Wifi hakucheka. Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, alirudi na mjomba wake, mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini.

Mjomba alinusa hewa, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni jini mjibiaji," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa pale watu wanapoulizwa, kisha hawangojwi. Hula maneno yao."

"Mtoe basi, mjomba!"

"Nikimsemea mgonjwa, nami nitakuwa nimemjibia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia ndiye atakayemtoa. Muulizeni, halafu mngoje."

Upepo akapiga magoti, akaushika mkono wa mgonjwa. "Mama Pindo, linauma wapi?"

"Haliumi popote," ikasema sauti.

"Sijakuuliza wewe."

Wakangoja, na kadiri walivyongoja ndivyo godoro lilivyoanza kutetemeka, na ile harufu ikapanda mpaka ikawakaba koo, na sauti ikarudia haliumi, haliumi, niacheni, mnanichosha, sasa chini ya mto, sasa chini ya kitanda, sasa nyuma ya shingo ya Upepo mwenyewe, karibu mno hata nywele zikamsimama, lakini hakugeuka na wala hakuuachia ule mkono, na daktari, aliyekuwa amekuja kumruhusu mgonjwa aende zake, akasimama mlangoni na kusikia, kutoka kitanda kimoja, watu wawili wakisema kwa pamoja:

"Haliumi!"

"Linauma!"

Sauti ya pili ilikuwa ya kukwaruza, ya hasira, ya mtu anayeweza kugombana na redio. "Linauma hapa, kulia! Nimekufa mkiniangalia!"

Godoro likatulia.

Daktari alikaa kitandani. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa. "Niambie, mama," alisema. "Tangu mwanzo."

Akaambiwa. Kilikuwa kidole tumbo, tena kimeshapasuka. Akamweleza watakachomfanyia na hatari yake.

"Mtanikata urefu gani?" aliuliza Mama Pindo.

Daktari akamwonyesha kwa vidole.

"Haya, kateni. Lakini mshone vizuri. Nitakagua."

Alipona. Mjomba alipoaga alikataa kusema kwamba jini amekufa. "Amehama tu," alisema.

Wiki iliyofuata Upepo alikuwa akipita mapokezi. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu. Mhudumu alipaza sauti dirishani bila kuinua macho: "Hamjambo huko?"

"Hatujambo," likaja jibu. Sauti moja, tamu. Upepo akageuka kutazama nyuso. Benchi zima, midomo ilikuwa imefumbwa.

Miguu ilimwambia akimbie. Badala yake alivuta kiti, akaketi mbele ya mtu wa kwanza, akamshika mkono, akauliza, akangoja.