Vitambaa vya Bluu Kwenye Kalavati

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidoti alifagia chumba cha shangazi yake, fundi cherehani. Mabaki ya vitambaa vya sare za bluu aliyatia kwenye mfuko ili ayapeleke jalalani, ng'ambo ya soko. Lakini jalala lilikuwa mbali, na mto ulipita nyuma ya nyumba. Mara nyingi mfuko uliishia mtoni.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha mchana. Kidoti aliporudi, maji meusi yalikuwa yamefika kizingitini. Shangazi alikuwa amesimama juu ya kiti, akitundika sare za wateja kwenye boriti.

"Nipe hizo nyingine, mwanangu! Zikilowa maji haya, nitawaambia nini wenyewe?"

"Na cherehani, shangazi?"

"Iko mezani. Meza ikielea, tutapanda tuwe manahodha!" alitania.

Nje, jirani yao kinyozi alipiga kelele, "Kalavati limeziba, maji hayapiti chini ya barabara!"

Shangazi alijifunga kibwebwe, akachukua reki na kutoka, Kidoti nyuma yake. Majirani walishikana mikono ukingoni wakamshikilia, naye akavuta kwa reki kwa nguvu. Likatoka furushi la chupa na mifuko, limefungwafungwa na vitambaa virefu vya bluu. Maji yakanguruma, yakaanza kupungua.

"Bluu hii naijua," kinyozi alisema. "Fundi, kumbe ni wewe unayetuzamisha!"

Watu wote walimgeukia shangazi. Alikitazama kitambaa. Hakumwangalia Kidoti hata kidogo.

"Ni vyangu," alisema taratibu. "Naombeni radhi, jirani zangu."

Kidoti alijipenyeza mbele. Shangazi, aliyeinamia cherehani tangu alfajiri, alikuwa akibeba aibu isiyo yake.

"Si yeye!" alipaza sauti. "Ni mimi. Niliona jalala liko mbali."

Kinyozi akakohoa. "Basi... hata mimi nywele huzimwaga hapohapo."

Watu wakacheka, naye akajikuna kichwa.

Jioni, chini ya sare zilizobaki kavu, shangazi alimkalisha Kidoti karibu yake. "Mto haumezi taka, mwanangu. Hutuwekea tu, kisha hutuletea mlangoni. Umekosea. Lakini leo umesema kweli mbele ya watu wazima, na mimi najivunia wewe."

Kesho yake Kidoti alivuka soko na mfuko wake. Mbele yake alitembea kinyozi, amebeba wa kwake.

"Kaza mwendo, binti!" alimwita. "Jalala halitatufuata!"